Dirisha moja, nyuso mbili: kwa nini mmoja anaungua na mwingine anamezwa na giza

"Dada yangu na shemeji wanatimiza miaka 10 ya ndoa na wameniomba niwapige picha nyumbani kwao. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Juzi nilifanya jaribio: niliwaketisha kwenye sofa, dirisha kubwa likiwa kushoto, dada karibu na dirisha na shemeji akiwa nyuma kidogo ya bega lake. Nikawasha na taa zote za sebuleni ili mwanga utoshe. Dada ni maji ya kunde, lakini ametoka mweupe kama karatasi. Shemeji ni mweusi, na nusu ya uso wake haionekani kabisa. Dada yuko wazi, shemeji ana ukungu. Rangi nazo ni vurugu, huku bluu, kule njano. Tena nimesoma kwamba dirisha linalofaa ni la kaskazini tu, na la kwao linatazama magharibi. Je, ninunue flashi, au niwaambie waende studio?"

Flashi isubiri kwanza, na studio pia. Nimekusoma mara mbili na sioni upungufu wa mwanga. Dirisha linaloweza kumfanya mtu wa maji ya kunde atoke mweupe kama karatasi lina mwanga wa kutosha na wa kubaki. Ila uliwapanga foleni: dirisha, kisha dada, kisha shemeji. Wa kwanza alishiba, wa pili akapata makombo.

Kosa hili nalijua vizuri kwa sababu nimelifanya. Miaka yangu ya mwanzo niliwapiga mzee mmoja na mkewe nyumbani kwao, bibi kaketi ubavuni mwa dirisha, mzee kando yake. Nilirudi na picha zaidi ya 200 za bibi anayeng'aa na mzee aliyegeuka kivuli. Kilichoniuma ni kwamba nikiwa pale sebuleni niliwaona wote wawili vizuri kabisa. Ndivyo macho yalivyo. Ukimtazama aliye kwenye mwanga mboni inajibana, ukihamia kwa aliye gizani inafunguka, na ubongo unaunganisha hayo mawili bila kukuambia. Kamera haina hiyo huruma. Inachukua kipimo kimoja cha mwanga kwa fremu nzima, na asiyefikiwa na kipimo hicho shauri yake. Kwa hiyo kabla ya kupiga, kunja macho mpaka kope zikaribie kugusana, kisha watazame. Vitu vidogo vitapotea, yatabaki maeneo ya mwanga na ya giza tu. Kama ukiwatazama hivyo shemeji haonekani, na kwenye picha hataonekana.

Sasa tuingie kwenye chanzo. Mwanga wa balbu moja ndogo hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali nayo: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Dirisha ni pana, kwa hiyo ukiwa karibu nalo mwanga haushuki kwa ukali huo, lakini unashuka. Chukua dirisha la upana na urefu wa mita moja hivi. Aliye sentimita 60 kutoka kwenye kioo anapata zaidi ya mara mbili ya mwanga anaoupata aliye mita 1.2. Wasogeze wote wawili nyuma, mmoja awe mita 1.5 na mwingine mita 1.8, na tofauti inakuwa ndogo kiasi kwamba unaweza kuirekebisha baadaye bila jasho. Hii inawashangaza wengi, maana tumezoea kuambiwa "sogea karibu na dirisha". Kwa mtu mmoja ni ushauri mzuri. Kwa watu wawili waliokaa bega kwa bega na dirisha likiwa ubavuni, kila hatua ya kulikaribia inampendelea mmoja.

Na umbali ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni mwili wa dada. Alikaa katikati ya dirisha na mumewe, kwa hiyo kichwa chake na bega lake vilimzibia shemeji sehemu ya dirisha. Hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kuupitisha mwanga kwenye bega la mtu.

Kabla ya kuwasumbua tena wenye nyumba, fanya jambo moja peke yako. Simama hatua moja kutoka dirishani, nyoosha mkono na ukunje ngumi usawa wa uso. Tazama vifundo vya vidole. Upande unaoelekea dirisha una mwanga, katikati ya kifundo na kifundo kuna kivuli, na ukingo wa kivuli hicho ni laini, hujui kinaanzia wapi. Sasa rudi nyuma mpaka mwisho wa chumba ngumi ikiwa juu vilevile. Mwanga umefifia, hilo ulilitarajia, lakini tazama ukingo wa kivuli: umeanza kuwa mkali zaidi, kwa sababu kwa ngumi yako dirisha sasa ni kitu kidogo. Ukubwa wa dirisha likitazamwa kutoka mahali alipo mtu ndio unaoamua ulaini wa mwanga. Kisha geuka polepole, ngumi ikizunguka nawe. Mahali vifundo vinapoonekana vyote vizuri na bado vina umbo, hapo ndipo pa kuwasimamisha.

Suluhisho lenyewe ni rahisi hadi linaudhi. Waondoe kwenye sofa. (Sofa ni adui wa picha za wapendanao hata mwanga ukiwa mzuri: watu wanazama, mabega yanapanda, na mmoja daima humwegemea mwenzake hadi uso wake unarudi nyuma.) Wasimamishe, au wape viti viwili vya kawaida, mita moja na nusu hivi kutoka dirishani. Kisha vuta mstari wa kufikirika kutoka uso wa dada hadi uso wa shemeji. Mstari huo uende sambamba na dirisha. Basi. Sasa wote wawili wako umbali mmoja, hakuna anayemzibia mwenzake, na wewe unasimama kati yao na dirisha, lakini pembeni, ili usiwe wewe unayewatilia kivuli.

Ukiwapiga hivyo dirisha likiwa mgongoni mwako kabisa, nyuso zitakuwa safi ila bapa kidogo, kama picha za kitambulisho. Kwa hiyo usiishie hapo. Wewe jongea upande mmoja hatua mbili tatu, nao wageuze nyuso zao kukufuata, na dirisha litaanza kuwaangukia kwa mshazari. Pua itatupa kivuli kidogo shavuni, taya itaonekana. Mimi napenda mwanga unapotoka takriban digrii 45 kutoka mbele yao. Ukizidisha hadi uwe wa ubavuni kabisa, unarudi kwenye foleni ile ile tuliyoikimbia.

Pozi moja litakutega: wakitazamana. Wakigeukiana dirisha likiwa upande wa mmoja wao, mmoja analitazama na mwingine amelipa mgongo, ambayo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Dawa ni mstari ule ule. Wageuze wote pamoja kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, mpaka dirisha liwe ubavuni mwa wote wawili kwa usawa. Na wakigusanisha vipaji vya nyuso umepata faida mbili kwa mpigo, kwa sababu vichwa vinakuwa umbali mmoja kutoka dirishani na umbali mmoja kutoka kwenye lenzi.

Tuje kwa rangi ya ngozi, maana hapo ndipo wengi hupewa ushauri mbovu. Utaambiwa "watu weusi wanahitaji mwanga zaidi, ongeza tu". Ukiongeza kwa fremu nzima, dada ataungua kama alivyoungua. Kipimo cha kamera hakijui kuna watu mbele yake. Kinadhani kila kinachokiona kina wastani wa kijivu, na kinavuta picha ielekee kijivu hicho. Dirisha jeupe likiingia kwenye fremu kinaona mwanga mwingi na kuwatia watu giza. Nguo nyeusi zikijaa fremu kinafanya kinyume, kinafungua mno, na uso wa maji ya kunde unageuka chaki. Kwa hiyo usikiachie uamuzi. Weka kipimo kwa uso wenye ngozi nyepesi zaidi: piga picha moja, ikuze kwenye skrini, angalia paji na ncha ya pua ya dada. Kama bado unaona ngozi na si doa jeupe, uko salama. Kama pameungua, punguza kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kisha mwinue shemeji kwa mahali alipo badala ya kwa kamera. Yeye ndiye akae upande ulio karibu zaidi na dirisha, hata kwa sentimita 20 au 30. Ule upendeleo wa dirisha tuliokuwa tukiukimbia, sasa unautumia kwa makusudi.

Kingine ambacho hakisemwi vya kutosha ni kwamba ngozi nyeusi hujenga umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa weupe wa mwanga uliotawanyika. Kinachoonyesha mfupa wa shavu la shemeji ni ule mstari laini wa mwanga unaoteleza juu yake. Dirisha pana linauchora mstari huo mrefu na mpole. Flashi ndogo ya kamera inauchora kama nukta kali inayong'aa kwenye paji na pua, na hiyo ndiyo sababu watu hulalamika kuwa wametoka kama waliopakwa mafuta. Na kama umewahi kuhisi kwamba vifaa hivi havikutengenezwa kwa kufikiria kila mtu, hukukosea sana. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za rangi zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley. Kamera za leo zimepiga hatua kubwa. Kipimo cha mwanga, hata hivyo, bado kinatafuta kijivu chake.

Upande wa shemeji usiofikiwa na dirisha unahitaji kitu cheupe. Shuka jeupe juu ya mgongo wa kiti linatosha, au ubao mwepesi mweupe, umesimamishwa upande wa pili usawa wa kifua na uso, karibu kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye fremu. Sogeza shuka huku ukitazama shavu lake, si shuka. Utaliona shavu likifunguka. Likiwa mbali zaidi ya mita moja na nusu hivi, shuka linabaki kuwa pambo.

Ukungu wa shemeji ni hesabu nyingine. Lenzi yako ya milimita 50 ikifunguliwa hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa, kile kipande kinachopokea picha, ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, na wewe ukiwa mita 1.5 kutoka kwao, eneo linalotoka wazi lina kina cha takriban sentimita 10. Kumi tu, mbele na nyuma kwa jumla. Shemeji alikuwa nyuma ya bega la dada, kwa hiyo alikuwa nje ya eneo hilo tangu mwanzo. Wengi hununua lenzi hizi kwa ajili ya ule ukungu mzuri wa nyuma, kisha hushangaa ukungu ukianza kula watu. Bana hadi f/4 na kina hicho kinakuwa zaidi ya mara mbili. Rudi nyuma hadi mita 3 bila kugusa kitu na kinakuwa kama mara nne. Kwa picha za watu wawili mimi hukaa kati ya f/2.8 na f/4 na kurudi nyuma kidogo, fokasi nikiiweka kwenye jicho la aliye karibu na kamera.

Ukibana tundu, mwanga unaoingia unapungua, na hapo utashawishika kupunguza kasi ya shata, yaani kuacha kamera iwe wazi kwa muda mrefu zaidi. Usishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na wakianza kucheka panda hadi 1/250. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, ndiyo ibebe mzigo, 1600 au hata 3200. Chenga, zile nukta nukta kwenye picha, zitatokea, ndiyo, lakini programu za kuhariri zinazipunguza vizuri. Picha iliyotikisika haina dawa.

Rangi ni jambo jepesi: zima taa. Zote, hata ile ya korido. Mwanga wa mchana una joto la rangi la Kelvini 5500 hivi, na wa kivuli cha nje huenda juu zaidi, kuelekea bluu. Balbu ya njano ya nyumbani iko kwenye 2700 hadi 3000. Kamera ikisawazisha kwa dirisha, balbu inageuka chungwa. Ikisawazisha kwa balbu, dirisha linageuka bluu. Haiwezi kuridhisha zote mbili, na wewe uliiomba ifanye hivyo. Ukishazima, toa WB (usawazishaji wa rangi) kwenye otomatiki na uiweke kwenye alama ya wingu ili isibadilike picha hadi picha, au piga faili ghafi, lile lililoandikwa RAW kwenye menyu, urekebishe baadaye. Angalia pia kuta na mapazia. Ukuta wa kijani ulio karibu utapaka shavu kijani, na pazia jekundu ambalo jua linalipita litapaka kila kitu.

Kuhusu dirisha la kaskazini, ushauri ule haukuwa uongo, ila umesafiri mbali na kwao. Uliko kaskazini mwa dunia, mbali na ikweta, jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipati jua la moja kwa moja na mwanga wake hautetereki. Studio za wachoraji na za picha za karne ya 19 huko zilijengwa kwa hesabu hiyo. Nenda kusini mwa dunia na dirisha lenye sifa hiyo ni la kusini. Karibu na ikweta jua hukaa kaskazini kama nusu mwaka na kusini nusu nyingine, kwa hiyo jina la upande halikuambii mengi. Unachotafuta ni dirisha ambalo kwa saa ile linaona anga lakini halioni jua. La magharibi ni hilo hilo asubuhi nzima. Alasiri jua litaingia moja kwa moja na kuchora mistari mikali usoni, na hapo funga pazia jepesi jeupe linalopitisha mwanga: pazia lenyewe linakuwa dirisha jipya, kubwa na laini. Muombe dada yako akupigie picha ya dirisha kwa simu kila baada ya saa mbili, siku moja tu, na utajua la kufanya bila kukisia.

Je, flashi ina kazi? Ina, sitakudanganya. Kama dirisha pekee ni dogo na limezibwa na jengo la jirani, au kama wote wawili hurudi kutoka kazini usiku, dirisha halitakuokoa. Flashi inayogeuzwa kichwa na kuelekezwa kwenye dari jeupe hutoa mwanga mpole unaojaza chumba. Ila dari liwe jeupe na lisiwe juu mno, na utahitaji majuma kadhaa ya kujifunza. Kabla ya kutoa hela, jaribu mlango wa mbele ukiwa wazi, wao wakisimama ndani hatua moja kutoka kizingitini. Mlango ni dirisha linalofika sakafuni, na mara nyingi ndio mwanga bora kuliko wote nyumbani.

Mwanga ukishakaa sawa, wape kitu cha kufanya. Usiwaambie "tabasamu", watakupa meno bila macho. Mwambie shemeji amnong'oneze mkewe jambo ambalo wewe huruhusiwi kulijua. Yule mzee niliyemgeuza kivuli nilimrudia baada ya wiki mbili, nikawakalisha sambamba na dirisha, wakakakamaa vilevile kama wanaosubiri daktari. Nikajifanya nabadilisha betri. Mzee akanyoosha mkono kuuweka sawa mtandio wa mkewe, naye akamsukuma mkono kidogo akicheka. Nilikuwa nimeshabonyeza. Ile ndiyo waliyoichagua.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatatui. Kamera yako ni ya mtumba, kwa hiyo ijaribu: iweke kwenye stendi, panga chupa tatu kwa mshazari, moja nyuma ya nyingine, weka fokasi kwenye ya katikati kwa f/1.8. Ikiwa kila mara inayotoka wazi ni ya mbele au ya nyuma, lenzi na kamera hazielewani, na hilo ni la kumpelekea fundi wa kamera, si la kuhangaika nalo mwenyewe. Na kama baada ya majaribio mawili kwa mpangilio huu bado nyuso zinakushinda, tafuta mpiga picha anayefanya kazi majumbani, umsindikize siku moja hata kwa kumbebea begi. Utaona anavyosogeza watu nusu hatua na kwa nini. Kuhusu studio, watume huko ikiwa siku ni moja tu na haiwezi kurudiwa. Yenu inaweza kurudiwa. Rudi kwao asubuhi moja, taa zimezimwa, viti viwili sambamba na dirisha, shemeji safari hii akiwa upande wa karibu.